Haya Fupi

3 Machi

Dada yangu, Afande wa nyumbani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama wewe, shemeji na watoto, na Mama. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Fundi mkuu kanipa vinanda vya shule moja nivifungue vyote, na kila kimoja kimejaa makombo ya biskuti na wadudu waliokauka. Bado nakaa kile chumba cha juu ya kiwanda cha magodoro. Mashine zao zikiwashwa sakafu inatetemeka mpaka kijiko kinatembea mezani, kwa hiyo narekodi asubuhi kabla hawajaanza kazi, au Jumapili nikishamaliza kuongea na wewe.

Sasa nije kwenye lenyewe. Nimeliandika kwa sababu kwenye simu haliwezekani. Jumapili unaiweka simu sauti kubwa pale mezani na Mama yuko kwenye kiti chake, kila neno analisikia. Hili nataka ulijue wewe kwanza.

Nimetengeneza wimbo. Najua utasema, kwani lini sijatengeneza. Huu ni mwingine. Prodyuza mmoja wa huku, mwenye studio yake na watu wanaomsikiliza, aliusikia akafunga mlango nisiondoke mpaka aurudie. Anataka utoke tarehe mosi Juni. Miaka yote hii natengeneza vinanda vya wenzangu, Dada, na hii ni mara ya kwanza mtu kuniuliza jina langu liandikwe vipi.

Kilichomshika ni sauti iliyo kwenye kiitikio. Ni sauti ya Mama.

Usiikunje barua kwanza. Unakumbuka jioni ile wodini, kabla ya upasuaji wa koo? Nilikuwa na ile sintesaiza yangu, kinanda kidogo kinachoingia kwenye begi la mgongoni, ina kipaza sauti chake humo humo. Nikaiwasha irekodi, nikamwambia, "Mama, naomba niiweke sauti yako humu." Akasema, "Haya." Muuguzi akaingia, tukatolewa. Kesho yake wakamwondoa kikoromeo, na sauti ikaenda nacho. Hiyo "haya" moja ndiyo niliyobaki nayo.

Nikaihamishia kwenye kinanda kikubwa, kile kinachofanya kila kitu chenyewe, ngoma, besi, kupanga na kurekodi. Ukikipa sauti moja kinaisambaza kwenye vibonye vyote. Ukienda kulia inapanda, ukienda kushoto inashuka. Huko kushoto Mama anakuwa mpana, anajaa chumba kizima, anasema haaayaaa kama alivyokuwa akituambia tukiomba kwenda kucheza. Nabonyeza vitatu kwa pamoja, kwa hiyo wanakuwa Mama watatu wanaitikiana.

Kadi ya kumbukumbu yenye wimbo iko humu ndani ya bahasha. Naomba umsikilizishe, umtazame uso, halafu uniandikie. Alikubali mwenyewe, lakini nataka asikie kabla ya watu.

Ni mimi mdogo wako,
Waya


9 Aprili

Mdogo wangu Waya,

Marahaba. Sisi hatujambo. Shemeji yako kahamishiwa zamu ya asubuhi na tangu hapo anajifanya mzee, anakoroma kabla watoto hawajalala. Mwanangu mkubwa meno mawili ya mbele yamemtoka, anauliza kama mjomba ana waya wa kuyarudisha. Kazini kwa dobi tumeletewa pasi mpya ya mvuke, imeshaniunguza mkono, lakini ni kidogo.

Mama anakula. Anavaa kitambaa shingoni kufunika tundu analopumulia. Anaandika kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka jana, na akikasirika anavunja ncha. Amevunja nyingi. Zaidi ya hapo sina la kukueleza.

Utaona nimechelewa kujibu. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na hasira na wewe, nikasema nizingoje zipungue. Hazijapungua.

Kadi nimeipata. Mama hajaisikiliza na mimi sijaisikiliza. Nimeiweka kazini ndani ya boksi la vifungo, ambako Mama hafiki.

Unasema alikubali. Na mimi nilikuwepo, Waya, nimesimama mlangoni na begi la nguo zake. Muuguzi alikuwa ananiuliza jambo, sikusikia vizuri. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekuwa karibu naye: alisema haya ipi? Usijifanye hujui ninachouliza. Mwanamke yule amesimamia ukumbi wa cherehani maisha yake yote, ambako huwezi kusema maneno mengi yakasikika, na alikuwa na haya mbili. Ile ndefu, ya kuvuta, ilikuwa ruhusa, nenda mwanangu. Ile fupi maana yake fanya basi, lakini mimi nimekataa. Tulizijua zote kabla hatujajua kusoma. Na tukifanya la haya fupi tulikuwa tunajuta wiki nzima, wewe kuliko wote.

Mama ndiye aliyekuwa akitoka chumbani kamera ya harusi ikiingia. Katika video zote za familia yeye ni mgongo. Huyo ndiye unayetaka kumpeleka kwa watu, tena watatu kwa mpigo?

Niambie ilikuwa ipi. Jumapili kwenye simu ulikuwa unanitega kwa maswali ya hali ya hewa. Nilikuelewa, ndiyo maana nikakujibu ya hali ya hewa.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mko salama. Pole na mkono. Mwambie mpwa wangu waya upo, alete meno.

Ilikuwa ndefu. Naisikia kila siku ninayoamka, naijua kuliko sauti yangu mwenyewe. Nikifumba macho namwona pale kitandani anasema haaayaaa. Ingekuwa fupi nisingeigusa, unanijua.

Prodyuza ameleta karatasi za makubaliano na nimeshatia sahihi. Sikukungoja kwa sababu ulininyamazia mwezi mzima. Tarehe mosi Juni haisogei.

Na mimi nina swali. Mama anatoka nje? Anakwenda kuwaona wenzake wa cherehani? Umeniandikia anakula na anavunja penseli, basi. Umemweka ndani kama nguo ya mteja aliyesahau kuja kuichukua, halafu mimi ndiye ninayemwonea. Mpe asikilize. Hiyo ndiyo kazi niliyokuomba, sikukuomba hukumu.

Waya


2 Mei

Waya,

Sisi wazima. Watoto wana mafua, yatapita.

Swali lako nimelisoma. Mama hatoki. Alitoka mara moja kwenda sokoni, muuza nyanya akamuuliza kitu, akaonyesha shingo, na yule mtu akaanza kumpigia kelele kama anaongea na kiziwi. Wateja wengine wakageuka kutazama. Tangu siku ile hatoki na mimi simlazimishi. Sasa umejua, na usinitajie tena nguo za wateja.

Wimbo nimeusikiliza. Niliwangoja wenzangu waende kula, nikaazima hedifoni za mwenzangu wa kaunta, nikakaa nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Nililia, sikufichi. Sijaisikia sauti ile tangu wodini, na sikujua kama nilikuwa nimeanza kuisahau. Wewe umekaa nayo chumbani mwaka mzima ukiibonyeza utakavyo, mimi nimekaa na mwenyewe na kimya chake. Nilikuonea wivu. Nikaurudia, nikaurudia tena, pasi ikapoa, nikasema moyoni, basi, acha utoke, ni mzuri.

Halafu kuna kitu kikanikera, nikashindwa kukiacha. Mama akitoa ruhusa alikuwa anavuta "ya" tu. "Ha" aliitupa haraka, ndipo yaaa. Kwenye wimbo wako zote mbili zimevutwa sawasawa. Hata ile pumzi anayovuta kabla ya kusema ni ndefu na nzito, utadhani ya mwanamume aliyelala. Mama hakuwahi kupumua hivyo. Nimeshika nguo nyingi zilizoharibiwa na pasi, Waya. Nguo ikivutwa inavutika yote, na mistari yake inavutika pamoja nayo.

Uliandika mwenyewe kwamba ukienda kushoto sauti inashuka. Inashuka tu, au inajivuta pia? Kitafute kile kibonye ambapo sauti haijaguswa, isikike kama ilivyotoka mdomoni mwake. Bonyeza, usikilize, uniambie ukweli.

Mama bado hajasikia chochote.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Wape pole watoto.

Barua yako imefika asubuhi hii, wa magodoro walikuwa hawajawasha mashine, kwa hiyo nilisikia vizuri nilichokisikia.

Inajivuta. Nilijua siku zote, kila anayegusa vinanda hivi anajua kwamba sauti ikishuka inakwenda taratibu na ikipanda inakimbia. Ila sikuwahi kufikiri hivyo juu ya Mama. Siku niliyoihamisha, wimbo ulitaka kitu kizito, nikaishusha, nikaihifadhi huko huko chini, na ndivyo nilivyoizoea. Kibonye chake cha kweli kiko mbali kulia, wimbo wangu haufiki huko. Leo nimekwenda nikakibonyeza.

Ni fupi, Dada. Ni fupi kabisa, na mwishoni unasikia mdomo ukifungwa. Nikarudi kushoto kibonye kimoja kimoja, nikawa nasikiliza kukataa kwake kunavyogeuka ruhusa. Hakuna kibonye unachoweza kusema hapa ndipo palipogeuka.

Utaniuliza nilikuwa wapi alipokuwa anasema. Nilikuwa nimeinama, naangalia taa za sintesaiza zinazopima sauti, zisifike kwenye nyekundu. Sikumtazama usoni.

Nimekwenda kwa prodyuza. Kasema hakuna atakayejua ni ya nani, na bila sauti ile hana wimbo. Nimejaribu filimbi za kwenye kinanda, nimejaribu kuimba mwenyewe, na kweli hakuna wimbo.

Kwa hiyo nakuomba, na mkono unakuwa mzito kuandika. Mwache asijue. Hatoki nje, na redio za huku hazifiki huko. Wimbo utoke, nipate jina, hii kadi uivunje, tubaki nalo wawili. Nijibu haraka. Au usijibu, nitaelewa.

Waya


20 Mei

Waya,

Mafua yameisha. Shemeji yako anakusalimia, hajui kitu.

Ulitaka nisijibu uelewe. Barua yako niliisoma kazini, na siku hiyo hiyo nikairudisha kadi nyumbani. Nilimvalisha Mama hedifoni kwa mikono yangu na sikumwambia ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kidole kilikuwa kinafuata ngoma kwenye mkono wa kiti. Nikamtazama uso kama ulivyoniomba mwanzoni, na uso ulikuwa umelainika, sijauona hivyo tangu arudi hospitali. Akachukua penseli akaandika: Huyu mwanamke ni nani? Anaimba vizuri.

Hakujijua. Hajawahi kujisikia hata siku moja, angejijuaje? Ningesema sijui, wewe ungepata wimbo wako na mimi ningelala usingizi. Nilibaki na nafasi ile mkononi mpaka akanigonga goti. Nikamwambia, ni wewe, Mama. Nikamweleza yote, na barua nikampa azisome, pamoja na hiyo ya mwisho. Alidai karatasi safi, siyo ya kalenda. Alichokuandikia kiko kwenye karatasi ya pili. Sikumsahihisha neno.

La kwangu ni moja, na yeye halijui. Ukiitoa sauti yake kwenye wimbo, usiifute. Ibaki popote pale. Mwanangu mdogo juzi kaniuliza kama bibi aliwahi kuongea.

Dada yako


Mwanangu,

Mimi sijambo. Mguu wa kushoto unavimba jioni, siyo kitu.

Nilikuambia haya fupi na nilijua ninachosema. Kesho yake nilikuwa naingia kupasuliwa na sikuwa na hakika ya kutoka. Ukaja na mashine yako kuchukua sauti yangu, kama watu wanaogawana vitu vya marehemu. Nilikataa. Sikutaka kuanza kuzikwa nikiwa nimekaa kitandani.

Na sikufa. Hilo naona hamjaligundua, wewe na dada yako. Miezi yote hii mnaandikiana juu yangu na mimi nipo hapa hapa, namwona dada yako anavyoficha bahasha. Kila Jumapili unapiga simu, unaongea na dada yako, mwisho unasema msalimie Mama. Mama yuko hapo, anakusikia. Tangu nitoke hospitali hujaniambia mimi neno moja. Kumbe ulikuwa unaongea na kinanda.

Wimbo ni mzuri. Nitoe humo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi piga simu, nitapokea mimi. Nitagonga kwa kucha. Moja ni hapana, mbili ni ndiyo. Hizo huwezi kuzivuta.

Mama yako


31 Mei

Dada Afande,

Shikamoo. Nakuandikia leo leo, simu bado ina joto. Najua ulitumwa sokoni pamoja na watoto ili usisikilize, Mama alikuwa na haki.

Nimemtoa. Prodyuza aliusikiliza wimbo bila Mama, akavua hedifoni, akasema kesho hakuna kinachotoka. Akanirudishia karatasi yangu ya sahihi. Nimeumia, sitakudanganya. Nilitembea mpaka nyumbani na kila duka lenye spika nilipolipita nililichukia.

Nilipiga simu. Ikapokelewa. Hakuna kitu, pumzi tu, ile ya kwenye tundu, ina mlio mdogo mwishoni. Nikasema shikamoo Mama. Akagonga mbili. Yote niliyokuwa nimepanga yakanitoka kichwani, nikaanza kumweleza habari za vinanda vya shule, makombo, mgongo wangu, fundi mkuu anavyovaa miwani miwili kwa wakati mmoja. Niliongea kama mtu anayengoja kukatizwa, na hakuna aliyenikatiza.

Nikamwambia nimekutoa kwenye wimbo. Mbili. Halafu nikafanya kitu utakachonikasirikia. Nikamtajia ombi lako. Sikutaka tena jambo lake lipite nyuma ya mgongo wake. Nikasema, Dada anataka sauti ibaki, na mimi nataka ibaki, lakini ni yako. Ibaki? Akagonga moja. Nikauliza tena, nikitumaini nimesikia vibaya. Moja.

Nikailaza simu juu ya kinanda. Nikaitafuta sauti yake humo ndani, nikawa namweleza kila ninachobonyeza ili asije akasema nimemzunguka. Nikafika kwenye kufuta. Kinanda hiki hakifuti hivi hivi, kinauliza kwanza. Nikamsomea kilichoandikwa kwenye kioo. Nikasema, Mama, kinauliza, una uhakika?

Hakugonga. Hata pumzi sikuisikia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na nilijua akigonga mbili nitabonyeza, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya upasuaji.

Akagonga moja.

Nikamwambia, Mama, moja ni hapana. Akagonga mbili, haraka haraka, kama mtu aliyechoshwa na mjinga. Nikatoa kidole bila kufuta. Halafu pumzi zake zikaanza kutoka vipande vipande, nikadhani amepaliwa, nikaanza kukuita wewe kwa kelele na wewe hupo. Ndipo nikasikia kiganja kinapigwa mezani, mara nyingi, bila hesabu, nikaelewa kwamba anacheka.

Dada, hukuwahi kuniandikia kwamba bado anacheka.

Waya